Mnunuzi wa kompyuta aambiwe kikomo cha volteji

Mwanzoni mwa 2024 malalamiko kuhusu prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na cha 14 yalikuwa mengi kiasi kwamba hayakuweza tena kupuuzwa. Hizi ni prosesa za kompyuta za mezani, na zilizolalamikiwa zaidi ni zile za bei ya juu kabisa. Mchezo ulikatika katikati, programu zilijifunga zenyewe, na mara nyingi skrini ilitoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha, ilhali kadi ilikuwa nzima. Julai mwaka huo Intel ilikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zikipata volteji kubwa kuliko inavyostahili. Septemba ikaeleza kidonda chenyewe: ndani ya viini vya prosesa kuna saketi inayosambaza mapigo ya saa, na saketi hiyo huzeeka haraka ikikaa kwenye volteji ya juu na joto la juu. Ikishazeeka, mapigo hupoteza mpangilio wake na kompyuta haiaminiki tena. Programu ya kurekebisha ilizuia madhara yasiendelee, lakini chipu iliyokwisha kuumia haikupona.

Habari hiyo imezoeleka kusimuliwa kama kisa cha kampuni moja iliyoteleza. Kwangu ni ushahidi wa jambo pana zaidi. Umeme unaolisha prosesa unaongozwa na kanuni ambazo mnunuzi haonyeshwi, na kanuni hizo zimekuwa zikilegezwa kwa sababu ya mashindano ya kasi. Ninachodai ni kwamba vikomo vyake viandikwe kwenye boksi na kwenye karatasi ya bidhaa: volteji ya juu kabisa, nguvu na mkondo wa juu kabisa, na kiasi volteji inachoachwa ishuke mzigo unapopanda. Pia kompyuta itoke dukani ikiwa imefungwa ndani ya vikomo hivyo. Ili dai hili lieleweke inabidi tuingie kidogo ndani ya mashine, kwa sababu kinachofanyika humo hakifanani na anachokidhania mtu anapotazama waya ukutani.

Pawasaplai ya kompyuta ya mezani huleta volti 12 kwenye mazabodi. Prosesa haiwezi kuzipokea hizo moja kwa moja. Inataka volti 1 na ushei tu, lakini kwa mkondo mkubwa ajabu: ampea 100, 200, hata zaidi, wakati plagi ya kawaida ya nyumbani kwetu ina fyuzi ya ampea 13. Kazi ya kugeuza volti 12 kuwa volti 1 hufanywa na saketi zilizopangwa kuizunguka prosesa, zenye transista zinazofanya kazi ya swichi, koili na kapasita. Swichi hizo hazipunguzi volteji kwa kuichoma ikawa joto. Huiruhusu kwa kitambo, huikata, huiruhusu tena, na koili pamoja na kapasita husawazisha vipande hivyo vikawa volteji moja tulivu. Chukua saketi inayowaka na kuzima mara 500,000 kwa sekunde. Kila mzunguko wake unachukua maikrosekunde mbili, na ili kupata volti 1 kutoka 12, swichi hukaa imewashwa kwa sehemu moja tu kati ya 12 za muda huo, yaani kama nanosekunde 170. Fezi moja, yaani seti moja ya swichi na koili yake, haiwezi kubeba mkondo wote, kwa hiyo mazabodi huwekwa fezi nyingi zinazopokezana zamu, mawimbi ya moja yakipunguza makali ya mawimbi ya nyingine. Mpangilio huo ulikomazwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwenye maabara za Virginia Tech nchini Marekani, chini ya Profesa Fred Lee.

Kushusha volteji, hata hivyo, ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye mabadiliko ya ghafla. Prosesa iliyokuwa imetulia kwenye ampea 10 inaweza kudai 150 kwa muda mfupi kuliko mzunguko mmoja wa swichi. Katika kitambo hicho cha kwanza kapasita ndizo zinazobeba mzigo, na kidhibiti kinapaswa kuzinduka kabla hazijakauka. Njia ya zamani ya udhibiti hupima volteji inayotoka, huilinganisha na ile inayotakiwa, kisha hurekebisha muda wa swichi kwenye mzunguko unaofuata. Imetulia, ila huchelewa. Nyingine hupima pia mkondo wa kila koili, na hapo kidhibiti huweza kugawa mzigo sawasawa kati ya fezi. Ya tatu, ambayo imependwa sana kwa kulisha prosesa, haingoji zamu: urefu wa kila pigo ni uleule, lakini volteji ikigusa kiwango cha chini, pigo jingine hutolewa papo hapo, mapigo yakisongamana mzigo unapopanda na kuachana unaposhuka. Hesabu za kuchambua saketi za namna hii zimepevuka tangu 1976, pale R. D. Middlebrook na Slobodan Ćuk wa Caltech walipochapisha mbinu yao ya kuchukua wastani wa hali za swichi. Elimu ipo, tena ya siku nyingi.

Ndani ya elimu hiyo kuna jambo moja linalowashangaza wengi, na hoja yangu yote inalitegemea. Wahandisi wa prosesa hawataki volteji isimame wima kama nguzo. Wanaiacha kwa makusudi iteremke kadiri mkondo unavyopanda. Kwa prosesa kubwa za mezani za kizazi cha 13, mwongozo wa Intel unaweka kikomo cha mteremko huo kwenye miliohmu 1.1. Piga hesabu: ampea 150 zikizidishwa kwa miliohmu 1.1 zinatoa volti 0.165. Volteji iliyopangwa kuwa 1.30 itaifikia prosesa ikiwa 1.135. Asiyejua atasema saketi ni dhaifu, imezidiwa. Kumbe kwenye mkondo uleule chipu imepunguziwa karibu wati 25 za joto. Faida ya pili ni kubwa zaidi, nayo huonekana mzigo unapoachiliwa. Prosesa ikimaliza kazi ghafla, koili bado zimejaa mkondo, na mkondo huo hauna pa kwenda isipokuwa kwenye kapasita, hivyo volteji huruka juu. Kama ilikuwa 1.135, ina nafasi ya kuruka bila kuvuka 1.30. Kama ilikuwa imeshikiliwa kwenye 1.30, mruko wote unatokea juu ya kiwango hicho, kwenye eneo linaloizeesha chipu. Ndivyo nahodha anavyolegeza demani dhoruba inapolipiga tanga, chombo kikakaa sawa. Kuiacha volteji iteremke kwa kipimo ni kuilinda prosesa.

Soko limeugeuza ulinzi huo ukawa aibu. Mazabodi za wachezaji wa michezo huuzwa kwa kujivunia wingi wa fezi, na kwa kipengele cha kuunyoosha mteremko ngazi kwa ngazi mpaka volteji isishuke kabisa. Vikomo vya nguvu navyo viliwekwa kando. Nyaraka za Intel zinaipa Core i9-13900K kikomo cha wati 253, lakini mazabodi nyingi ziliingia sokoni zikiwa zimepangwa wati 4096. Hakuna aliyetarajia prosesa itumie wati 4096, kwani ingeungua mapema mno. Nambari hiyo ni namna ya kukiambia kidhibiti kisihesabu. Sababu yake si siri: wakaguzi wa bidhaa huchapisha majedwali ya kasi, tofauti kati ya mazabodi moja na nyingine huwa asilimia chache tu, na asilimia hizo chache ndizo zinazouza. Madhara ya volteji hayaonekani kwenye jedwali la siku ya kwanza. Yanakuja baada ya miezi, mkaguzi akiwa ameshahamia bidhaa nyingine na mnunuzi amebaki peke yake na kompyuta inayozima. Intel yenyewe kwa miaka mingi iliwaachia watengenezaji wa mazabodi uhuru wa kuvibadilisha vikomo vya nguvu, na majedwali hayo yaliipamba na yenyewe.

Haki inadai kusema pia kwamba mazabodi hazikuwa chanzo pekee. Maelezo ya Intel yalitaja mazingira manne, na ni moja tu lililohusu mazabodi zilizopita mwongozo wake. Mengine yaliangukia hasa kwenye maikrokodi, ile programu ndogo inayoishi ndani ya prosesa. Palikuwa na kanuni iliyoruhusu kasi ya juu hata joto likiwa limeshapanda. Palikuwa na nyingine iliyoomba volteji kubwa mara nyingi mno na kwa muda mrefu mno. Tena maombi hayo ya volteji ya juu yalitolewa hata kompyuta ilipokuwa haina kazi ya maana. Tangu Pentium Pro ya 1995, prosesa ndiyo inayokieleza kidhibiti volteji inayoitaka, zamani kwa pini chache, siku hizi kwa njia ya data, na kidhibiti hutii. Kwa hiyo saketi zote nilizozieleza hapo juu zilitimiza wajibu wake bila kasoro. Ziliombwa volteji ya kudhuru, zikaitoa kwa usahihi mkubwa. Ufundi wa kidhibiti haumwokoi mtu ikiwa anayetoa amri hana mpaka.

Tazama sasa tiba ilivyokuwa. Agosti 2024 ilitoka maikrokodi inayojulikana kama 0x129, na kiini chake ni kuzuia prosesa isiombe zaidi ya volti 1.55. Mwaka mmoja kabla, mshindani wa Intel, AMD, alipita njia hiyohiyo. Baadhi ya prosesa za Ryzen 7000X3D ziliungua zikiwa kwenye soketi zake, na jibu la AMD likawa kuweka kikomo cha volti 1.3 kwenye volteji ya sehemu ya chipu iliyokuwa ikipandishwa mno. Kampuni mbili hasimu, chipu mbili tofauti, na kila mara dawa iliyotafutwa baada ya hasara ilikuwa nambari moja ya kikomo. Nambari ya namna hiyo ingewezekana kuwapo tangu siku ya kwanza, ikaandikwa mahali ambapo mnunuzi anaiona na mkaguzi anaweza kuipima.

Nitaambiwa kwamba nyaraka za Intel ziko wazi mtandaoni, na anayetaka azisome. Ni kweli ziko wazi, nazo zina mamia ya kurasa. Lakini zinaeleza kile anachokiruhusu mtengenezaji wa chipu, hazielezi mazabodi hii aliyoinunua mteja imepangwaje ilipotoka kiwandani. Mtu alisoma wati 253 kwenye karatasi akapewa 4096 ndani ya mashine. Pengo hilo halizibwi na bidii ya msomaji. Linazibwa na sharti la kuandika kilichomo ndani ya boksi.

Nitaambiwa pia kwamba mwenye kompyuta ana haki ya kuisukuma kupita kiwango chake akipenda, na kwamba kuna watu ambao raha yao ni hiyo. Haki hiyo naitetea. Mtu anayeingia mwenyewe kwenye mipangilio, akaongeza volteji huku akijua hatari yake, anafanya uamuzi wa mtu mzima kwa mali yake. Aliyenunua kompyuta ya kuhariri video za harusi au kufanyia hesabu za kampuni hakuwahi kufanya uamuzi huo, alifanyiwa. Vikomo viwe ndiyo hali ya kwanza, na mlango wa kuvivuka ufunguliwe na mwenye mali kwa mkono wake. Kuhusu siri za biashara, hakuna anayetaka mtengenezaji afichue jinsi kidhibiti chake kinavyokokotoa mapigo. Kikomo kinaweza kutajwa bila kueleza njia ya kukifikia, kama vile kampuni za magari zinavyotaja mzigo wa juu wa gari bila kutoa michoro ya injini.

Kuna wanaohofia kwamba vikomo vitazifanya kompyuta ziwe polepole. Ushahidi uliopo hauungi mkono hofu hiyo. Intel ilipopima maikrokodi ya 0x129, ilisema tofauti ya kasi katika majaribio yake mengi haikuzidi ile inayotokea kipimo kilekile kikirudiwa mara mbili. Yaani ile volteji ya ziada iliyokuwa ikiziumiza chipu ilikuwa haimnunulii mteja karibu chochote. Binafsi hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu hasara iliyopatikana haikuwa hata na manufaa ya upande wa pili.

Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba watu wetu wengi hutumia simu, na kompyuta za namna hii ni chache. Basi tuitazame simu. Januari 2017 Apple ilitoa iOS 10.2.1, na ndani yake mlikuwa na kanuni ya kuipunguza kasi prosesa ya iPhone zenye betri iliyochoka. Kiufundi ilikuwa hatua ya busara: betri kuukuu haiwezi kutoa mkondo mkubwa wa ghafla, volteji huporomoka, na simu huzima ikiwa bado inaonyesha chaji. Kosa lilikuwa kutowaeleza wateja. Ukweli ulipojitokeza Desemba 2017, Apple iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 nchini Marekani kumaliza kesi. Kwa Intel kanuni ilikuwa mbaya na ya kificho. Kwa Apple ilikuwa nzuri na ya kificho, na bado watu waliumia: wapo walionunua simu mpya wakati walihitaji betri tu.

Huku kwetu kificho hicho kina gharama ya ziada, kwa sababu kompyuta nyingi hutufikia zikiwa zimeshatumika kwingine. Intel iliongeza miaka miwili ya waranti kwa prosesa zilizoathirika, ikawa mitano kwa zile zilizouzwa kwenye boksi lake, na aliyenunua kompyuta nzima aliambiwa aende kwa aliyeiunda. Mtu aliyenunua mashine ya mtumba Kariakoo au Nairobi, bila risiti ya kwanza, ana nafasi ndogo sana ya kunufaika na waranti hiyo. Tena chipu iliyoanza kuzeeka haijitangazi dukani. Kompyuta itawaka, Windows itafunguka, video itacheza. Itaanguka wiki tatu baadaye, itakapofungua faili kubwa lililobanwa au kufanya kazi nzito inayogusa viini vyote, na fundi atahangaika kubadilisha RAM na pawasaplai ambazo hazina kosa. Anayenunua mashine ya kizazi cha 13 au 14 aombe aonyeshwe toleo la maikrokodi na la bayosi, ile programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta. Maikrokodi ikiwa ni ya kabla ya 0x12B, iliyotoka Septemba 2024, kompyuta isasishwe kwanza halafu ijaribiwe kwa kazi nzito mbele yake. Kusasisha kunahitaji flashi na dakika chache, ila kompyuta ichomekwe kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mazabodi yenyewe inaweza kufa.

Mnunuzi mmoja mmoja hawezi kumlazimisha mtengenezaji aliye Taiwan au Marekani abadilishe lebo. Serikali na vyuo vikuu vinaweza, kwa sababu hununua kompyuta kwa mamia kupitia zabuni, na mwenye zabuni ndiye anayeandika masharti. Tayari lebo iliyo nyuma ya kompyuta hutaja volteji na ampea inazochukua kutoka ukutani, na wakaguzi wa viwango huisoma. Sharti la kutaja zinazoingia kwenye prosesa ni mwendelezo wa utaratibu uleule. Kwenye jedwali la sifa za kiufundi la zabuni, chini ya kasi na ukubwa wa kumbukumbu, iongezwe mistari mitatu ya kujazwa na mzabuni: volteji ya juu kabisa ambayo prosesa inaruhusiwa kuiomba, kikomo cha nguvu na mkondo kilichowekwa kiwandani, na mteremko wa volteji chini ya mzigo, vyote vikilinganishwa na nyaraka za mtengenezaji wa chipu. Mzabuni akiiacha wazi mistari hiyo, kompyuta zake zisinunuliwe kwa fedha za umma.